Wanaouliza Bei Bila Kusalimia

Bariadi mjini

Kwako Mayu,

Mwangaluka, na shikamoo juu yake, maana najua moja haikutoshi. Mgongo unaendeleaje? Mvua ya Bukundi imewaangalia au imepita juu ikaenda kwa wengine? Yule ndama wa madoa ameacha kutoroka? Mimi ni mzima, mhola duhu, nimenenepa kidogo mashavuni. Nawe Minza unayemsomea mama, usiruke mstari wowote kwa kuwa umesikia nasifiwa. Najisifu mwenyewe, na ni haki yangu.

Mayu, natamani ungeona kazi ninayofanya. Mimi huyu niliyeishia kidato cha pili, ambaye mwalimu wa hesabu alikuwa akinitazama anatikisa kichwa, sasa hivi nikikohoa hapa Bariadi mtu wa Mtwara anasikia. Siongezi chumvi. Ukishaweka picha mtandaoni kuna mahali unabonyeza, simu inakuonyesha miji ambayo watu wake wameitazama. Siku ya kwanza niliona Mbeya, Tanga, Songea, na nchi za Waarabu huko. Niliiweka simu mezani taratibu, kama mtu anayeweka yai. Nilitoka nje nikasimama kidogo, ndipo nikarudi kuangalia kama bado ipo.

Ngoja nianze mwanzo. Mama Milembe, tajiri wangu, ananunua viazi vitamu vilivyokaushwa na akina mama wa huku, michembe na matobolwa, anafunga kwenye pakiti zenye jina lake. Nilipofika kuomba kazi ya kubeba mizigo, nilimsikia analalamika kwamba hana mtu wa kumtangazia mtandaoni. Nikamwambia mtu ni mimi. Akaniuliza nimesomea wapi. Nikamwambia mambo haya hayasomewi, mtu anazaliwa nayo. Akacheka, akanipa simu. Baadaye akanipeleka stoo, nikaona magunia yamefika darini.

"Masunga," akasema, "haya ni jasho la wenzangu, sio langu peke yangu. Mvua ikiyakuta humu yatashika ukungu. Yakishika ukungu, utarudi nayo kwenu Bukundi, uyale mpaka uote majani."

Hapo nikakumbuka maneno ya mjomba Jilala siku naondoka, mbele ya watu wote, kwamba nitakuwa nimerudi kuchunga kabla ya palizi. Nikafanya kazi kama mwendawazimu. Nilijipiga picha na miwani nyeusi nimeshika pakiti. Nilicheza muziki huku nimejitwisha gunia kichwani. Mayu, watu walipenda. Laiki zilikuwa zinaingia huku naziangalia, kama kumbikumbi baada ya mvua. Nilitembea mjini nikidhani watu wananyamaza nikipita.

Lakini stoo ilikuwa vilevile. Gunia la juu kabisa lilikuwa bado linagusa dari.

Asubuhi moja Mama Milembe akachukua simu, akavaa miwani yake, akaanza kusoma chini ya picha zangu. Akasogeza kwa kidole, picha baada ya picha.

"Huyu ameuliza bei. Na huyu bei. Huyu wa Dodoma, bei na unatumaje. Umewajibu nini?"

"Sijawajibu."

"Kwa nini?"

"Hawajasalimia."

Akavua miwani. Nikamweleza vizuri, nikijua nina haki. Nikamwambia kwetu mtu akiingia uani akauliza bei ya ng'ombe kabla hajasalimia, mama yangu hamjibu, anaendelea kuchambua mboga mpaka yule mtu aone aibu aanze upya. Mimi nilikuwa nawasubiri waone aibu. Nilikuwa nawasubiri wiki ya tatu hiyo.

Nilidhani atanifukuza. Midomo yake ilikuwa inatetemeka, kumbe ni kicheko kimekataa kutoka.

"Mama yako kakulea vizuri," akasema. "Ila nikuulize. Mtu wa Dodoma amekaa kwake, amejinyoosha kwenye kochi, simu mkononi. Wewe ukatokea na miwani yako na gunia lako, unacheza. Nani kaingia uani kwa mwenzake?"

Mayu, nikaichukua simu, nikaitazama tena ile orodha ya miji. Ile miji yote niliyokuwa naihesabu kwa majivuno, Mbeya, Tanga, Songea, ilikuwa milango ya watu. Nilikuwa nimeingia nyumba zote hizo bila hodi, nimecheza katikati ya sebule, na wenye nyumba waliponikaribisha kwa kuniuliza ninauza bei gani, nikawanunia. Ungekuwepo ungenichapa na mwiko.

Nikaomba siku nne. Nikaanza na wale wa zamani, mmoja mmoja, kwa jina lake. Nawasalimu kwanza mimi, naomba radhi kwa kuchelewa, kisha bei, kisha namna mzigo unavyosafiri. Miwani nikaificha. Nikaenda uani kwa Mama Milembe, akina mama wanapopanga viazi vilivyochemshwa, wanavikata, wanavianika, nikawarekodi jinsi walivyo, na vidole vyao na mizaha yao. Nikamwomba mmoja wao aangalie simu aseme neno moja tu. Akafuta mikono kwenye kanga, akasalimia kwa Kisukuma chetu, "Mwangaluka."

Mayu, sijui nikuelezeje kilichotokea. Waliitika. Watu nisiowajua, kutoka pande ambazo sijui hata zinaelekea wapi, wakaitika salamu ya yule mama kama vile amepita mlangoni kwao. Mwanajeshi mmoja wa Kagera akauliza yule mama ni wa ukoo gani. Mwanamke wa Tunduru, aliyeolewa huko miaka mingi, akaandika kwamba alilisikia lile neno jikoni kwake akakaa chini, na hakumbuki mara ya mwisho kusalimiwa hivyo. Aliagiza pakiti sita. Nilisoma maneno yake nikashindwa kuleta mzaha, na wewe unajua hilo halijawahi kunitokea.

Gunia la juu likatoka. Yakafuata ya chini yake. Mvua ya kwanza ilinyesha nikiwa nafagia stoo, ndani mna mwangwi. Mama Milembe akasimama mlangoni akasema, "Msimu ujao utakuwepo?" Nikamwambia nitafikiria. Akanirushia ufagio mwingine.

Nisalimie shangazi wa Mwanhuzi na mume wake mpole. Msalimie bibi mzaa baba, umwambie hiyo pakiti niliyoituma pamoja na barua hii ni laini, hata yeye na meno yake mawili ataiweza. Minza namsalimu kwa shingo upande.

Na mjomba Jilala. Kati ya wale walioandika "bei" tu, bila salamu, kulikuwa na mmoja mwenye picha ya fahali mweusi mwenye pembe iliyopinda. Mayu, fahali huyo nimemchunga miaka minne, simsahau. Nikamwandikia, "Shikamoo mjomba," kama ulivyonifundisha, mdogo kwa mkubwa. Naona ameisoma. Hajaitika.

Mwambie palizi imefika na mimi bado nipo huku, nasubiri anijibu.

Mwanao niliyekuwa na miwani,
Masunga