Birika Kati Yangu na Baba Mkwe

Mpendwa mshauri, pole na kazi ya kusikiliza shida za watu, na mimi naongeza yangu, nisaidie kabla sijafanya ujinga.

Mimi ni binti wa Kilolo, Iringa, shule niliishia kidato cha pili, nikaja Mbeya kutafuta maisha, nimebeba matofali, nimebeba viazi pale Mbalizi mpaka bega likaota sugu, mwisho Mungu akanipa kazi ya kukaa, kwa mzee mmoja fundi hapa Iyunga, jina lake siruhusiwi tena kulitaja, utaona kwa nini. Anatengeneza vipimo vya kushika mkononi vya kujua kama mahindi yamekauka, mkulima asije akaweka ghalani mabichi yakaota ukungu akalisha watoto sumu. Mimi nachomelea vifaa vidogo vya umeme kwenye vibao. Kipimo kina kioo cha namba kama cha saa ya mkononi, na kile kioo kinataka umeme wa ngazi ngazi, kikivuta sana ngazi zinazama na namba zinapauka, ndiyo maana nyuma yake kunakaa saketi wanayoiita bafa, inapokea umeme ulivyo na kuupeleka vilevile, ila mzigo wa kioo inaubeba yenyewe. Mzee amehangaika mwaka mzima kuibuni iwe ndogo, itoshe kwenye nafasi kama ukucha wa kidole gumba.

Tulikuwa tunafanya kazi vizuri tu mpaka Benjamini, mtoto wa mzee, aliponichumbia. Mahari ilipofika kwetu, shangazi yake Ikupa akanikalisha chini, akasema, “Sikia, mwana wa Wahehe. Kwetu Wanyakyusa mkamwana hakutani uso kwa uso na baba mkwe. Humtaji jina, humsemeshi, akiingia yeye unatoka wewe.”

Nikamwambia, “Shangazi, mbona karakana yenyewe ni chumba kimoja?”

“Shona pazia.”

Nikashona la magunia. Mzee hakubisha, Ikupa ni dada yake mkubwa. Ikawa akimaliza kibao anakiweka kwenye kigoda, anakohoa, anarudi kwake, ndipo natoka nakichukua.

Juzi akaweka bafa mpya, ndogo kuliko zote. Nikaiunganisha na kioo, namba zikatetemeka kama mtu aliyeoga maji ya bomba mwezi wa Julai. Nikagusa kibao kwa kidole, zikatulia, nikatoa kidole, zikaanza tena. Na nilikuwa nimemsikia kwenye simu akisema kesho yake mchoro unatumwa Dar, vikatengenezwe vibao vingi. Mshauri, nikisema namvunjia heshima na uchumba unakufa, nikinyamaza mkulima atasoma namba ya uongo. Nikakaa na hilo jambo tangu asubuhi. Jioni nikamsikia anakusanya vitu vyake, nikaligeukia birika lililokuwa juu ya jiko la mkaa kando ya pazia, nikaliambia kwa sauti, “Wewe birika, namba zinatetemeka. Nikiweka kidole zinatulia.”

Ng'ambo ya pazia nikasikia, “Birika, hebu muulize huyo binti, kidole anaweka wapi?”

“Birika, mwambie hapo bafa inapotolea umeme kwenda kwenye kioo.”

“Kumbe! Birika, mwambie hata mimi niliona zinacheza, nikadhani macho yangu yamezeeka, nikaona aibu kuuliza.”

Akasema bafa ikiwa ndogo hivyo inababaishwa na mzigo wa kioo. Akaongeza kizuizi cha umeme, kidogo kama punje ya ulezi, kati ya bafa na kioo, akakohoa, nikaunganisha, namba zikatulia tuli. Nilipumua kama mtu aliyetua gunia. Tukacheka, yeye kwake, mimi kwangu.

Mara shangazi Ikupa mlangoni, na hotpoti ya ndizi. “Mnacheka na nani?”

“Na birika,” mzee akasema.

Shangazi hakucheka. Amesema niache kazi hiyo au nisahau harusi. Benjamini nilipomuuliza akajibu, “Malizaneni wenyewe, mimi simo.” Namba zimetulia, nashukuru, ila moyo ndio unatetemeka sasa. Nirudi kubeba viazi?

Severina, Iyunga

*

Severina, mzigo huo umeshautua, usijitwishe tena. Hukumtazama baba mkwe, hukumtaja jina hata humu kwenye barua. Umesema na birika. Ikupa akiitisha kikao cha ukoo, mshitakiwa ni chombo cha chai.

Lakini nikugombeze kidogo. Jambo la asubuhi ulilitunza mpaka jioni, mzee karibu atume mchoro mbovu. Hiyo si heshima, mwanangu, ni woga uliovaa kanga ya heshima. Naye mzee, mwambie kupitia birika, kuuliza si uzee. Mmoja aliogopa mila, mwingine akaogopa macho yake, na mahindi ya watu yangeoza katikati.

Mwenye kosa hasa ni Benjamini. Anayesema “mimi simo” kwenye ndoa yake mwenyewe, ajue yumo kuliko wote. Mwonyeshe ulivyoieleza bafa humu kwenye barua, naye awe hivyo hivyo. Achukue neno lako alifikishe kwa shangazi lilivyo, na uzito aubebe yeye.

Kazi usiache. Shangazi usimtukane, analinda alichorithishwa, na alikupa pazia wakati angeweza kukufukuza siku ile ile. Jumamosi Benjamini aende kwake na jogoo na kitenge, amwombe aje yeye mwenyewe pale karakana akufungue mdomo kwa mambo ya kazi. Nyumbani adabu ibaki pale pale. Aliyefunga ndiye mwenye ufunguo, na anapenda kuombwa. Akikataa, Benjamini arudi tena. Wazee hukataa mara ya kwanza waone kama utarudi.

Mpaka hapo pazia lining'inie na chai ichemke. Siku ya harusi birika hilo lipeni kiti mbele. Limekuwa mshenga mzuri, na halijadai hata kijiko cha sukari.