Miguu ya Mpingo

Mama, shikamoo. Huku Mtoni jua linachoma, lakini mie ni mzima.

Jumamosi mjomba alipanga vinyago vyake nje ya zahanati. Siku hizi anachonga kwa mpingo miguu kama ya watoto waliozaliwa na nyayo zilizopinda, na akiuza, hela inawalipia nauli ya kwenda kutibiwa. Dada mmoja aliyebeba mtoto mchanga, kamfunika khanga hadi vidoleni, alisimama pale muda mrefu.

"Mguu kama huu si wa kulogwa?" akauliza.

"Hapana, mwanangu. Mtoto anazaliwa nao tu," mjomba akamjibu. "Akiwahishwa, anafungwa plasta mpaka unanyooka. Ona huu wa pili, ulionyooka."

Yule dada akaushika, akaupapasa unyayo. Kisha akafungua khanga mbele ya watu wote, tukaiona miguu ya mwanawe. Nesi akatoka kuwapokea.

Leo nimewasindikiza hospitali. Mtoto kafungwa plasta ya kwanza, na mama yake alikuwa analia huku anacheka.

Mama, nenda kwa jirani yetu anayemficha mwanawe Fatu ndani kwa sababu ya miguu yake. Mwambie amlete, nitawapokea stendi mie mwenyewe.

Nakukumbuka mno. Mungu akutunze.

Mwanao,
Saidi