Kifungu cha Pili cha Mfuko wa Matibabu

Jumatatu, 5 Juni 1978

Ukungu tangu alfajiri. Nimenakili tena vifungu vyote sita vya sheria ndogo ya Mfuko wa Matibabu. Mara ya tatu. Wino wa ofisi mwepesi kama chai ya jana; karani aliyenitangulia aliuongezea maji.

Naipenda kazi hii. Sitamwambia mtu, lakini naipenda kuliko nilivyopenda shule.

Mpango ni huu: kila kaya inatoa debe moja la mahindi wakati wa mavuno. Asiye na mahindi anafanya kazi siku mbili katika shamba la mfuko. Akiugua, kijiji kinamlipia hospitali ya misheni. Zahanati yetu ni bure, ila ndani mna aspirini na dawa ya minyoo. Anayeumwa sana huuza ng'ombe. Asiye na ng'ombe hulala kitandani akingoja.

Kifungu cha pili nimekitunga mwenyewe, neno kwa neno: kila mtu mzima wa kaya atafika mwenyewe mbele ya mkutano na kuweka dole gumba. Mwaka juzi mahindi ya njaa yaligawiwa hapa kijijini kwa majina ya marehemu. Safari hii marehemu hawatapata kitu.

Jumatano, 7 Juni

Halmashauri ya kijiji ilikaa tangu saa tatu mpaka saa tisa. Nina njaa na nina furaha.

Kwanza walicheka. Mzee mmoja aliuliza kama bima si kitu cha magari. "Mimi nina magurudumu, karani?" Nikacheka nao. Kisha akasimama Mzee Lohay, mwenye mashine ya kusaga, akataka kiongezwe kifungu: aliye mgonjwa sasa asiandikwe.

"Mtu anaumwa leo," alisema, "kesho analeta debe moja, keshokutwa anakula magunia kumi ya wenzake. Huo si mfuko. Huo ni mtego."

Nilisimama bila kuitwa. Nikamwambia, "Mzee wangu, mgonjwa ndiye tunayemtungia sheria. Mzima anaitaka ya nini?"

Mwenyekiti akatazama dari. Nikaendelea. Kifua kikuu, kifafa, mimba, kidonda kisichopona: nikasema hakuna hata nyumba moja isiyo na mtu wa namna hiyo, tukiwaondoa wote tutabaki tukijichangia sisi kwa sisi ili tusiugue. 

Tumeshinda kwa mikono mitatu.

Akitoka, Mzee Lohay aliniuliza, "Na hiyo sheria yako haina tundu hata moja?"

Nikajibu, "Hata moja."

Alhamisi, 8 Juni

Nimelala vizuri. Nimeamka bado nimeshinda.

Ijumaa, 9 Juni

Nimefanya jambo la kijinga.

Jioni nilikuwa natoka ofisini. Bura alisimama kule ng'ambo ya shamba la ngano, mbali na njia, kama wanavyotakiwa kusimama. Yeye na mkewe Theresia wametengwa tangu mwezi wa nne, mimba ilipoharibika. Metimani, ndivyo tunavyouita utengo huu: mkosi wao usiwaambukize wengine. Hawaingii nyumba ya mtu, hawachoti maji tunapochota, hawaji mikutanoni. Chakula wanawekewa juu ya jiwe, mwekaji akishaondoka ndipo wanakichukua. Itakuwa hivyo mpaka wazee watakapowatoa.

Bura alipaza sauti. "Emiliana! Theresia ana homa. Tumbo limevimba. Tuandikie kwenye mfuko!"

Nami nikapaza sauti, bila kufikiri, kwa sauti ya karani: "Njoo Jumapili mkutanoni uweke dole!"

Aligeuka, akarudi njia ya kwao. Neno lilikuwa limekwisha toka, na mimi ndiye mtu wa mwisho kulielewa.

Theresia niliketi naye dawati moja miaka saba.

Jumamosi, 10 Juni

Nimekwenda kwa Mwenyekiti kabla ya chai. Nilitaka aniruhusu niwaandike kimya kimya. Alikataa. Alikuwa mpole, na hilo limeniuma zaidi. "Kifungu umekitunga wewe, na halmashauri imekipitisha kama ulivyokisoma. Mkutano mkuu tu ndio unaoweza kukigusa."

Nikasema basi nitapeleka daftari nyumbani kwao. Akanitazama. "Akishaligusa yeye, nani mwingine ataligusa? Utabaki na mfuko wa kaya moja."

Ni kweli. Nimezaliwa hapa. Mama yangu mwenyewe asingeweka dole baada yake. Niliandika sheria ya kijiji hiki kama mtu aliyeshuka kwenye basi la Arusha asubuhi ileile.

Mchana nilikwenda mpaka kwao. Nina cheti cha kidato cha nne, nimesoma habari za vijidudu, nilipata alama ya juu kabisa. Nikafika kwenye ua wa minyaa miguu ikasimama. Sikuingia. Naliandika hapa kwa kuwa sitalisema popote.

Alinisikia. Akaita kutoka ndani, sauti ndogo, kavu. "Ni wewe?"

"Ni mimi."

"Usiingie. Utaniletea maneno." Kisha: "Hesabu zako bado unanakili kwa mwenzako?"

"Wewe ndiye uliyekuwa unanakili."

Akacheka, kicheko kikakatika, akaanza kuhema. Nilisimama pale mpaka nikasikia pumzi imetulia. Mama mkwe wake anasema homa ina siku tano. Hospitali hawamfungulii mlango wa upasuaji bila malipo au barua ya kijiji. Barua naandika mimi. Siwezi kumwandikia asiye kwenye daftari.

Kesho nitavunja kifungu changu mbele ya watu wote. Nitaweza.

Jumapili, 11 Juni

Mkutano mkuu baada ya misa. Watu wengi kuliko siku ya kugawa mashamba. Wazee waliomba dua ndefu ya Kiiraqw, kiongozi akitaja, sisi tukiitikia: mvua, mifugo, watoto, wagonjwa. Walipofika kwa wagonjwa sikuitikia.

Nikasoma kifungu cha kwanza. Nikasoma cha pili. Kisha nikasema, "Hiki kina kosa, na kosa ni langu." Nikaeleza. Kwamba kinamtaka mgonjwa aje kwa miguu yake. Kwamba kinamtaka aliyetengwa aje pale tulipomkataza kuja. Kwamba kuna mtu sasa hivi, nyuma ya ua, ambaye huenda hana wiki moja.

Mzee Lohay alisimama. Nikajiandaa.

"Jumatano huyu binti aliniambia sheria yake haina tundu," alisema. Watu wakacheka. Nikaona aibu mpaka masikioni. "Leo amelionyesha mwenyewe. Wanasheria wa wilayani hawafanyi hivyo, wao huliwekea kiraka."

Kisha akaanza kusema taratibu, akitazama chini. Mwaka mmoja, zamani, yeye na mkewe walikaa hivyohivyo miezi tisa. Mkewe aliumwa jino. Jino tu. Hakuna aliyeweza kumpeleka popote.

"Dole la nini?" akauliza. "Ni ili tujue kuwa ni yeye. Mimi namjua kila mtu wa kijiji hiki kwa kikohozi chake. Asimame upande wake wa ua, ataje jina. Mashahidi wanne wasimame upande wetu. Karani aandike. Mahali pa dole paachwe wazi, aje aweke atakapotoka."

Mtu akauliza habari ya debe lao. Mahindi ya nyumba ile hayawezi kuchanganywa na yetu. Mzee Lohay akanung'unika, akakuna kichwa, akasema debe nalo litangoja. "Lakini lingoje kwa maandishi!" akaongeza. "Mimi bado ni Lohay."

Mikono ikanyanyuliwa. Sikuhesabu. Haikuhitajika.

Tulikwenda palepale, mashahidi wanne na mimi na daftari. Bura alitaja jina lake. Kisha Theresia, kama mtu anayesoma kwa shida: jina lake, la baba yake, la mumewe. Mzee Lohay akasema, "Ni yeye. Alikuwa anaimba kwaya, anachelewa kuanza." Nikaandika mstari wa kwanza wa daftari. Barua nimeiandika nikiwa nimepiga magoti kwenye majani, karatasi juu ya paja.

Jumatatu, 12 Juni

Trekta la kijiji lilikuja na tela saa kumi na mbili. Dereva alisogea mpaka uani, akashuka, akasimama mbali. Bura alimpandisha mkewe peke yake, hakuna aliyemsaidia. Alikuwa mwepesi. Macho makubwa.

Nilisimama kidogo. Nikapanda.

Nilishika kichwa chake mapajani mwangu mpaka Karatu. Barabara mbaya. Alikuwa moto kama jiwe la jikoni.

Daktari alisoma barua yangu mara moja tu. Akasema mimba haikutoka yote, mabaki yameoza ndani. Wakamwingiza. Alimuuliza mwuguzi, si mimi, kwa nini wamemleta leo na si Ijumaa. Nilisikia.

Jumanne, 13 Juni

Yu hai. Homa imeshuka.

Nimerudi nyumbani. Wazee hawakunitenga kwa kumshika Theresia, ila mama ana tahadhari yake. Hakunigombeza. Ameniwekea kikombe changu peke yangu, kile cha bati chenye pengo, juu ya kigogo nje ya mlango. Sahani pia. Nimekunywa uji nje, kwenye baridi, nikiwa nimejifunga shuka. Namwelewa. Simwogopi wala simlaumu. Nitapanda tela lile tena kesho likihitajika.

Kifungu cha pili nimekiandika upya. Sasa ni kirefu kuliko vyote. Hakipendezi kusoma. Kinafaa.

Jumamosi, 21 Oktoba

Mvua za vuli bado. Vumbi.

Wazee waliwatoa Alhamisi. Wameoshwa, wamenyolewa, wameombewa. Leo asubuhi Theresia alikuja ofisini kwa miguu, debe la mahindi kichwani. Amenenepa kidogo. Watu waliokuwa barazani walimsalimia, wengine kwa mkono, wengine wakikawia kwanza.

Nilifungua daftari ukurasa wa kwanza. Chini ya mstari wake kuna kaya zote za kijiji, madole meusi yamejipanga. Juu, pembeni mwa dole la Bura la jana, palikuwa peupe. Alikandamiza kwa nguvu mno, wino ukavuja mpaka kwa Mzee Lohay, aliye wa pili. Alitaka kuufuta. Nikamzuia.

"Umeniharibia kazi," nikasema.

"Nakili upya," akajibu.

Sitanakili.

Jioni nilipofika nyumbani, kwa mara ya kwanza tangu Juni, sikukuta kitu juu ya kigogo. Mama alikuwa anapepeta maharage, hakuinua kichwa. Vikombe vyetu vyote vilikuwa ndani, vimefunikwa pamoja kwenye kichanja, na changu katikati yao. Nimekaa jikoni, karibu na moto. Nimekunywa.