Tiki ya Kasuku

Ofisi ya Karani, Shuleni
Jumatano, tarehe 9

Mpendwa Kaka,

Hujambo huko ugenini? Mgongo umepoa, au bado unaulazimisha kubeba? Sisi tu wazima wa mwili. Mama anatembea hadi mlangoni na kurudi, kisha anadai amechoka kuliko aliyelima. Mimi nakuandikia mezani kwangu, kwenye karatasi za shule, ili anayechungulia adhani nachapa kazi.

Barua yako nimeipata. Umeuliza jambo moja tu: "Mwanangu alitoroka darasani aende wapi?"

Hakutoroka, Kaka. Tafadhali keti kwanza.

Asubuhi ile tulifika naye getini nikakumbuka nimeacha miwani nyumbani. Bila miwani sioni hata pua yangu. Nikamtuma mwanao, Kasuku wetu, aifuate. Akaondoka mbio huku akiongea peke yake, unamjua. Kengele ikalia hajarudi. Wachelewaji huadhibiwa, na rejista ya mahudhurio naishika mimi. Nikamhurumia, nikamtia tiki kwamba yupo. Haikupita robo saa, lori likamgonga kwenye kivuko, akiwa njiani kurudi kwangu.

Watu wa bima hulipa fidia kwa mtoto aliyepata ajali akija shule au akirudi nyumbani. Rejista inasema Kasuku alikuwa ndani tayari. Basi wakaandika kwenye faili lake: mtoro. Neno hilo ndilo lililokufikia huko, na mkono uliolileta ni wangu.

Nilikwenda kwa mwalimu mkuu nikamweleza yote. Akafunga mlango. "Ukisema rejista ni ya uongo, hata mapacha hawalipwi," akaniambia.

Mapacha ni wa fundi viatu wa hapo getini. Muhula uliopita waligongwa palepale wakitoka shule, na ushahidi kwamba walihudhuria siku hiyo ni tiki zangu, tena hizo za kweli. Kila asubuhi baba yao ananiamkia na kuniuliza faili limefika wapi. Juzi kanishonea kiatu akakataa malipo. Nikisema, nimemnyang'anya haki ya wanawe. Nikinyamaza, mwanao anabaki mtoro. Wiki ya tatu hii, kila kengele ikilia nachukua kalamu naanza kuita majina.

Nimeshindwa, Kaka. Sikutupii mzigo uniamulie. Nilitaka tu wewe ujue mtoto wako alikuwa ametumwa, na aliyemtuma ni nani.

Mama anakusalimu sana. Hajui lolote la miwani wala tiki, naye ananisifu kwa nilivyomlea mjukuu wake. Wifi yangu mpe pole upya ya msiba. Mungu akupe moyo wa kuimaliza barua hii.

Miwani nilirudishiwa na polisi. Ina ufa kioo cha kulia. Sina nyingine, ndiyo ninayoitia majina, na ndiyo niliyovaa sasa.

Ni mimi dada yako nikupendaye, kama bado unanitaka.