Baba, Injini Yako Tumeitoa

Baba,

Amani ya Mola ikufikie hapo ulipo. Ijumaa nilikupitia kaburini, nikakusomea Fatiha, lakini habari hii sikuweza kukwambia pale. Ami Bakari alikuwa kando yangu, na nduguyo wamjua mwenyewe: tusingefika nyumbani kabla baraza zote hazijajua. Kwa hiyo nakuandikia. Kaa vizuri. Injini ya pikapu tumeitoa.

Nakuona ulivyonuna. Miaka yote hiyo uliketi barazani na kikombe chako cha kahawa, pikapu imeegeshwa mbele yako, ukiwaambia wanaotaka kusikia na wasiotaka: "Injini hini haiyaguswa tangu itoke kwao." Nami niliyelishwa na kusomeshwa kwa pikapu hiyo niliamini kila neno.

Tangu ututoke nimeendelea na kazi yako ile ile, kuchukua vitanda na makabati kwa maseremala wetu wa Mji wa Kale na kuwapelekea wenyewe, Ganjoni, Tudor, hadi Changamwe. Lakini injini ilikuwa imechoka. Ilikunywa petroli na oili kwa pamoja, ikatoa moshi wa buluu mpaka wasukuma mikokoteni wakanitukana. Siku moja nimebeba vyombo vya bi harusi, shangazi zake wamekaa juu ya godoro wanaimba, ikazima Kibarani. Pale pale penye jaa, Baba! Waliokuwa wakipiga vigelegele wakajiziba pua kwa leso, nyimbo zikageuka laana, na kitanda cha bi harusi kikaingia Changamwe kwa mkokoteni. Ungekuwapo ungecheka, kisha ungesema ni mimi niliyekanyaga klachi vibaya.

Fundi Charo, rafiki yako wa gereji ya Makupa, aliniambia wazi. Kuna injini ya dizeli iliyotolewa kwenye gari lililogongwa nyuma, nzima kabisa. Tuitie hiyo, ama niiuze pikapu nikatafute kazi bandarini. Ningemjibu papo hapo. Aliyenizuia ni Mama.

Wajua mwenyewe. Kila jioni ulipopinda kona, yeye huko juu aliisikia injini kabla ya mtu yeyote, akasema, "Yuwaja huyo," akashuka ngazi kukufungulia. Hukuwahi kupiga hodi nyumbani kwako. Alipokuwa ndani ya eda, hatoki, haoni watu ila wachache, sauti hiyo iliendelea kumfikia. Nikirudi na pikapu nilimkuta nyuma ya mlango, mkono wake uko kwenye komeo, na akiniona ni mimi hujitia anatafuta viatu. Nilipomtajia habari ya dizeli alinijibu kwa ufupi: "Usinitolee sauti ya babako." Nitakwambia kweli, niliumia. Nilikuwa na uchungu wa kukukosa, na sasa nikaonekana kama nataka kukuzika mara ya pili.

Eda ikaisha, na mimi wateja wameniishia. Nikamwomba Charo aishushe injini yako tuone kama inatengenezeka. Akainyanyua kwa mnyororo, akainama chini yake, kisha akaanza kucheka. Injini si ya pikapu hii, akasema. Imetoka gari jingine, na vyuma vinavyoishikilia vimechomelewa na mtu asiyejua kuchomelea. Akakwangua grisi kwa bisibisi. Chini yake kulikuwa na rangi ya kijani na ua dogo la chuma.

Nililijua lile ua. Utoto wangu nililala nikilitazama, hadi likizo moja nilipopelekwa Malindi kwa mjomba, nikarudi nikakuta kitanda hakipo.

Haya, Baba, utasema nini? Kitanda cha chuma cha Bibi, alichomwachia Mama, ulimwambia umekitoa sadaka kwa maskini wa Majengo, nawe ulikikata ukakichomelea injini! Mama aliridhika na sadaka ile miaka na miaka. Kila Ramadhani alimwombea dua yule maskini apate usingizi mwema. Kumbe maskini mwenyewe alikuwa amelala ubavuni mwake.

Nilikifunga chuma kimoja ndani ya gazeti, nikaja nacho nyumbani, nikamwekea Mama mapajani. Akakigeuza. Akaligusa ua. Nilidhani atalia. Alicheka mpaka mtandio ukamdondoka, akakuita muongo, akakuita mwizi, akakuita "kipenzi changu", jina ambalo sijapata kumsikia akikuita mbele yetu. Hapo ndipo machozi yakaja, na yangu yakafuata. Alipopata pumzi akasema, "Basi itieni hiyo nyengine. Ila kitanda changu kisitoke humo."

Hakikutoka. Charo alivikata vile vyuma, akavigeuza, akavichomelea kwa namna inayotakiwa, na dizeli imekaa juu yake. Ua liko upande wa dereva. Injini hii ina sauti nzito na hukohoa asubuhi, lakini mlima wa Changamwe inaupanda na kabati la milango mitatu bila kulalamika. Ungeinunia wiki nzima, kisha ungeanza kuwaambia watu barazani kwamba haiyaguswa.

Jioni za mwanzo nilipiga hodi kama mgeni. Mama hakuijua sauti, akawa ashuka polepole akiuliza ni nani. Hilo liliniuma sana. Nilikaa ndani ya pikapu nikajiuliza kama tumefanya vibaya.

Jana nimepinda kona, injini sijaizima, mlango ukafunguka. Mama amesimama pale, leso begani. Dada Rukia alikuwa jikoni, akaniambia baadaye kwamba alimsikia kwenye ngazi akisema, "Yuwaja huyo." Sikuuliza alimkusudia nani.

Lala, Baba, Mungu akulaze pema. Injini hii nayo itachoka, nitaitoa nitie nyingine, lakini kitanda cha Mama hakitashuka humo nikiwa hai. Na jioni nitakuwa nikirudi mapema, asije akasimama sana mlangoni.

Mwanao,
Athumani