Mikono ya Dada Somoe Juu ya Jamvi

Shikamoo Mama. Naomba barua hii ikukute goti limepungua kuuma na maji ya kunywa yamo ndani, maana kiangazi cha Kitangari nakijua, hakina huruma na vichwa vya wachota maji. Mimi ni mzima wa mwili. Baridi ya huku Uingereza nimeizoea kama mtu anavyomzoea mkwe mkali, kwa kukaa kimya. Najua anayekusomea ni Dada Somoe, kwani hapo nyumbani macho ya kusoma ni yake. Dada, shikamoo. Tafadhali soma yote, usiruke hata utakapoona jina lako.

Mmezoea nipige simu. Safari hii nimeandika kwa sababu kwenye simu ningesema nusu, halafu nikasingizia mtandao. Mwenzangu mmoja wa Masasi anarudi likizo, ndiye niliyempa aibebe.

Mama, masomo yanaendelea. Nasikia Mjomba Issa anawatambia watu wa Mkunya kwamba mpwa wake anasomea kukamata wezi. Si hivyo hasa. Tunasomea kuchunguza alama: damu, udongo, nyayo, vidole. Muhula huu mwalimu wetu, mama wa makamo asiyecheka ovyo, anatufundisha fani hii ilikotoka. Alianza na China ya zamani sana. Mtu aliuawa kwa mundu, hakimu akaamuru wanakijiji wote waweke miundu yao chini, juani. Nzi wakaja kutua kwenye mundu mmoja tu, maana hata ukiosha damu, nzi anaijua. Mwenye mundu akakiri palepale. Darasa zima likacheka. Mimi niliificha mikono yangu chini ya meza.

Akaendelea. Huku Ulaya waliwahi kuwapima wahalifu vichwa na mikono kwa rula, wakiamini hakuna watu wawili wanaolingana, mpaka wakaona vipimo vinakaribiana mno. Kule India afisa mmoja wa kikoloni aliwagandamizisha watu viganja kwenye mikataba, na polepole ikaja kujulikana kwamba mistari ya vidole ndiyo isiyofanana. Kisha mwalimu akasema neno ambalo nalala nalo na kuamka nalo: "Doa linakuambia mkono umegusa nini. Halikuambii umekigusa kwa nani."

Hapo, Mama, nikajiona niko tena kwenye jamvi la Mjomba.

Unakumbuka gunia la korosho ulilomwekea Dada Somoe, la kumpeleka sekondari. Tukaamka siku moja limebaki nusu. Mjomba akaitwa kutoka Mkunya, maana kwetu jambo la watoto wa dada yake ni lake. Akatandika jamvi uani, akasema, "Haya, mikono juu ya jamvi, nyote. Aliyebangua korosho, mafuta ya maganda yamembabua, yatamtaja." Yangu ilikuwa safi. Ya Dada ilikuwa myeusi, imebabuka hadi kwenye kucha. Alisema, "Mjomba, mie nabangua za ujira kwa jirani Mama Rukia." Mama Rukia siku hiyo alikuwa Masasi, msibani. Aliporudi hakuna aliyemwuliza, kwa kuwa Mjomba alikwishakata shauri: "Kama shule yake kaila mwenyewe, basi ashibe." Nusu iliyobaki ikanisomesha mimi.

Mwizi nilikuwa mimi, Mama.

Korosho nilizichoma kule bondeni, nikazibangua, nikazibadilisha kwa mpira, ule niliokuambia nimepewa na mwalimu. Mikono yangu ilibaki safi kwa sababu niliipaka majivu na mafuta ya ufuta, kama wabanguaji wazoefu wanavyofanya. Mafuta yenyewe niliyachukua kwenye chupa ya Dada, nikaimaliza. Ndiyo maana yeye siku zile alibangua kwa mikono mikavu, akababuka vile. Nilikaa pale jamvini namtazama anavyolia, na moyoni namshukuru Mungu kwamba si mimi. Hilo linaniuma kuliko gunia.

Wiki iliyopita uliniambia Dada amerudi tena mikono mitupu kutoka Newala, mashine ya kusajili laini ya simu imevikataa vidole vyake. Ukacheka, ukasema, "Hata mashine imemchoka mwanangu." Nami nikacheka. Simu ilipokatika nilichukua kalamu na karatasi. Miaka yote hii anabangua korosho za watu, mafuta ya maganda yamekula mistari yote. Mimi nasomeshwa kusoma vidole, na vya dada yangu nimevifuta mwenyewe.

Simwombi Dada anisamehe, hilo ni lake. Ninaloomba ni jina lake lirudi. Kwenye harusi, kwenye msiba, kitu kikipotea macho yanamwendea yeye kwanza. Nimeyaona hayo nikiwa mtu mzima, nikanyamaza. Na wewe, Mama, usinikasirikie kwa kusema: mpaka leo Dada akiingia ndani, ufunguo wa ghala unaufunga kwenye pindo la kanga.

Muite Mjomba. Tandika jamvi uani, muite na Mama Rukia, safari hii aulizwe. Barua isomwe tena mbele yao. Nikija likizo, msimu wa korosho, nitaweka mikono yangu hapo mseme mtakalosema.

Nisalimie jirani yetu Mama Rukia. Nisalimie shemeji yangu, Baba Zaituni, aliyemwoa Dada bila kusikiliza maneno ya watu. Zaituni mwambieni kwamba mama yake hakuiba kitu. Mimi ndiye mjomba wake, na sasa jambo lake ni langu. Mjomba Issa naye mpeni salamu zake: mpwa wake amemkamata mwizi.

Mama, Dada amesoma mpaka hapa. Fungua pindo la kanga, umpe ufunguo mkononi.

Ni mimi mwanao, niliyenyamaza,
Bakari