Mlango wa Kulia

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Sisi hatujambo. Gari la zamani la Babu tumelipiga msasa, tukafunika vioo kwa magazeti, na sasa tunalipaka bluu. Bibi anamtania: "Mzee, mimi hujawahi kunipamba hivyo." Babu anacheka tu.

Jana alipaka mlango wa kushoto mara mbili, wa kulia hakuugusa. Kisha akaniuliza, "Mjukuu wangu, milango inalingana?" Nikasema inalingana. Alipokwenda kuoga, nikaupaka ule wa kulia.

Shangazi, Babu haoni vizuri, na hataki mtu ajue. Jumamosi anataka kuendesha gari atupeleke mjini. Wewe anakusikiliza. Njoo kabla ya hapo. Ufunguo nimeuficha ndani ya kiatu changu cha shule.

Mwanao akupendaye